Bafu la Juu la Bi Kazija

Kilwa Kivinje
16 Februari 2025

Kaka yangu Abdulwahab,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na Wifi Amina na watoto. Sisi huku miili mizima. Mama mkwe, Bi Kazija, anakusalimu sana. Anakula kidogo, analala kidogo, na amri zake ni zilezile. Joto limezidi na mvua bado. Mikono na miguu yangu siku hizi ni Genoveva, jirani yetu aliyehamia hapa kutoka Kipatimu. Ndiye anayeniendea sokoni, na ndiye atakayeipeleka barua hii Nangurukuru akampe Yahya, kondakta wa basi, aifikishe kwako Rasbura.

Najua utacheka kuona barua zama hizi. Simu yangu Mama kaifungia sandukuni mpaka nitoke eda. Nilimwambia kaka yangu ni maharimu wangu, hakuna ubaya nikiongea naye. Akasema simu haijui nani maharimu na nani si maharimu. Barua kaniruhusu, kwa kuwa haina sauti.

Sikukuona kwenye maziko, kaka. Niliwauliza wote waliotoka Lindi. Sisemi kwa kulaumu, nasema tu kwamba sikukuona.

Sasa haja yangu. Unalijua bafu letu la juu, lile la mbao, ambalo unaingilia chumbani kwangu. Tangu Mama avunjike nyonga hawezi kushuka ngazi, anaogea humo, na sakafu imeoza. Wiki iliyopita namsugua mgongo, mguu wa kigoda chake ukazama kwenye ubao. Nilimdaka kwa bega. Ridhiwani, Mungu amrehemu, alishaleta marumaru kutoka Dar, ziko chini ya kitanda changu, na alimwahidi mama yake kwamba biashara ya ufuta ikitulia angekuita wewe uje uzibandike.

Shemeji Salumu alipokuja kwenye hitima aliuona ule ubao kwa chini, akiwa sebuleni. Alisimama nje ya mlango wangu akasema nikitoka eda, kama sakafu iko vile, atamchukua mama yake akae naye Sudi, nyumba yake haina ngazi. Hakusema kwa ubaya. Ni mama yake, na mimi mwenyewe ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Lakini Mama akienda Sudi mimi nabaki na nani humu? Mtoto sikujaliwa, na mume ndiye huyo kesha kwenda.

Fundi wa kiume hawezi kupita chumbani kwa mjane aliye ndani ya eda, na Mama hataki kusikia habari ya mimi kuhama chumba nilichokalishwa. Wewe ni fundi wa marumaru na wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja. Sina mwingine wa kumwita. Njoo.

Mdogo wako,
Warda

*

Rasbura, Lindi
27 Februari 2025

Mdogo wangu Warda,

Marahaba, na pole tena. Hatujambo. Wifi yako anasumbuliwa na jino na hataki kwenda kuling'oa, watoto wanasoma. Mwandiko utauona ni wake. Vidole vyangu saruji imevila, kalamu haitulii. Mimi nasema, yeye anaandika, na akichoka anafupisha, kwa hiyo ukiona mahali nimekuwa mkali ujue ni yeye.

Maziko sikuja kwa sababu ya homa. Allah amlaze Ridhiwani pema. Alikuwa shemeji asiyeniita shemeji, aliniita kaka.

Kuja sasa hivi siwezi. Nina kazi Mingoyo, nyumba ya wageni, vyumba vingi, na mwenyewe ana haraka. Tusemeane baada ya Idi, inshallah. Lakini usikae ukinisubiri, kwa sababu kubandika si kazi. Kazi ni kuiandaa sakafu, na hiyo wewe na huyo Genoveva mnaiweza.

Toeni kila kitu bafuni, ndoo, kigoda, pipa la maji. Mama aogee chumbani kwake kwenye beseni, bafu lipate kukauka hasa. Halafu ile saruji aliyoipaka Ridhiwani juu ya mbao mwaka juzi, maana aliniambia mwenyewe akijisifu, itoke yote. Ubao unakunywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa. Saruji haiwezi kuufuata. Inapasuka, maji yanapenya kwenye ufa yanalala chini, na mbao zinaoza huku juu panaonekana pazuri. Ukibandika marumaru juu yake umefunika jipu.

Ikishatoka, ng'oeni mbao zilizolegea mfike kwenye boriti. Hapo usiamini macho, Warda. Rangi inadanganya. Gonga kwa mpini wa nyundo usikilize. Ubao mzima unajibu kwa sauti kavu, uliooza haujibu kitu. Pitisha kiganja uone kama kuna unyevu, kisha bonyeza kwa ukucha. Unaposimama katikati ukajiinua kwa vidole, sakafu isinese hata kidogo, ikinesa marumaru zitapasuka mwezi uleule.

Ukimaliza niandikie umesikia nini. Ulichoona usiniandikie.

Kaka yako,
Abdulwahab

*

Kilwa Kivinje
14 Machi 2025

Kaka Abdulwahab,

Shikamoo. Ramadhani kareem kwenu. Mwambie Wifi akang'oe jino, asifunge nalo. Mama anafunga, nimemkataza, kanijibu kwamba aliyemkataza wa mwisho alikuwa baba mkwe wangu na hakusikilizwa. Jioni tunafuturu sisi wawili, mihogo na samaki anayeletwa na Genoveva, na kila siku Mama anatenga kipande cha tatu bila kukusudia.

Kazi imekwenda. Genoveva alikuja na mtaimbo wa mumewe, Andrea, akang'oa mbao kwa kasi mpaka nikaogopa ataingia sebuleni kwa kupitia juu. Boriti moja, ile ya karibu na tundu la kutolea maji, mchwa wameimaliza, ukiigonga ni kama unagonga kitambaa. Nyingine zote zinajibu vizuri. Tumeipachikia mwenzake mpya ubavuni kama seremala alivyomweleza Genoveva, na mbao mpya ni za mkongo. Sasa nikisimama katikati hainesi. Viganja vimenitoka malengelenge. Nilidhani eda ni kukaa.

Umesema nikuandikie sauti. Upande wa dirisha ni kavu, inalia hasa. Katikati hivyohivyo. Pale mlangoni ni nzito na fupi, kama kugonga mtungi uliojaa maji. Saruji tumeitoa yote.

Genoveva kapiga picha kwa simu yake kaituma kwa Wifi. Mama karuhusu, kwa kuwa nayo haina sauti. Umeionaje? Nieleze palipobaki, na nieleze siku ya kuja.

Warda

*

Rasbura
29 Machi 2025

Mdogo wangu Warda,

Marahaba. Idi imekaribia, na jino limetoka, wifi yako anaandika huku kashika shavu. Nyumbani kwema.

Picha ilifika. Umefanya kazi ya kiume na zaidi. Lakini ubao haujibu kama mtungi uliojaa. Uliyoigonga mlangoni ni saruji. Kwa nini umeniandikia imetoka yote sijui na sikuulizi. Itoe. Ukiiacha pale, sakafu itakuwa na vimo viwili, na Mama atajikwaa palepale anapoingilia, kwenye mguu mbovu.

Ikishatoka, nunueni plaiwudi nzito ya kuzuia maji, si ile ya dari. Mbao za chini zinakwenda huku, plaiwudi ilale kinyume chake. Msiikutanishe kingo kwa kingo wala msiibane ukutani, acheni upenyo wa kuingia sarafu, ivimbe bila kugombana. Funga kwa skrubu, misumari inapanda juu ikizeeka. Vichwa vya skrubu vizame, pitisha kiganja uhakikishe. Chini, kwa upande wa tundu la maji, shusheni kidogo ili maji yajue pa kwenda. Kisha pakeni dawa ya kuzuia maji mara mbili, mkivuka kona na kupanda ukutani kiasi cha shubiri. Zibeni upenyo wote kwa utepe wake kabla ya kupaka. Halafu muiache ikauke, asipite mtu.

Mingoyo kazi haijaisha. Tuone mbele.

Abdulwahab

*

Kilwa Kivinje
20 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima. Idi ilipita. Mvua zimeanza, barua yako ilichelewa kunifikia kwa sababu Yahya hakusafiri.

Ndiyo, saruji ya mlangoni sikuitoa, nilikudanganya. Siku ile Ridhiwani alipoipaka alisahau akatoka kupitia upande ambao haujakauka. Mama alimgombeza, yeye akacheka, akasema ataisawazisha kesho. Hakuisawazisha. Ni unyayo wake wa kulia, vidole vyote vinaonekana, na kile kidogo kilichopinda. Nguo zake zimegawiwa. Kitanda wamekigeuza. Hata jina lake hawaliiti tena, wanasema marehemu. Ule unyayo haukuwa wa kumpa mtu, wala hakuna aliyekumbuka kuuondoa. Nawe kaka yangu, badala ya kuja kunishika mkono, unanitumia barua nichukue nyundo.

Nami niseme langu. Genoveva alimuuliza Yahya kama huwa anakuona ukishuka Mingoyo. Yahya akashangaa. Alisema ile nyumba ya wageni ilifunguliwa tangu mwaka jana na watu wanalala humo. Hakuna kazi Mingoyo.

Shemeji Salumu kaleta salamu kwamba nikitoka eda atakuja na gari. Mama aliposikia akageukia ukutani. Siwezi kumpoteza na yeye kwa sababu ya kipande cha sakafu, na anayeweza kukimaliza ni wewe, na wewe huji.

Nimekwambia kweli yangu. Nataka yako. Maziko hukuja na sasa huji. Kama nimekukosea niambie nimekukosea nini. Usiponijibu hilo, habari za mbao na skrubu usiniandikie tena.

Warda

*

Rasbura
2 Mei 2025

Warda, mdogo wangu,

Leo salamu hazinitoki vizuri, unisamehe. Wifi yako anaandika anafuta machozi, nimemwambia aandike neno kwa neno.

Sioni.

Ilianza pembeni. Nilikuwa nagonga watu mabega njiani nikidhani hawana adabu. Hospitali waliniambia ni presha ya macho, jicho la kushoto lilikuwa limekwenda bila mimi kujua. La kulia limebaki na mwanga wa dirisha tu, najua mchana na usiku. Mingoyo nilibandika chumba kimoja. Mwenye nyumba akaniita, akaniuliza, fundi huu mstari unauona ulivyopinda? Nikasema nauona. Sikuwa nauona. Nilikusanya zana zangu na sikurudi.

Siku ya maziko sikuwa na homa. Wifi yako alitaka kunisindikiza nikakataa, nikamwambia mwanamume hapelekwi kumzika shemeji yake kwa kushikwa mkono. Nilifika stendi peke yangu. Nikamuuliza mtu gari la Kilwa liko wapi, akaniambia, mzee, si hilo umeliegemea. Nilirudi nyumbani, Warda. Gari lilikuwa mgongoni kwangu nami nikarudi nyumbani.

Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umefiwa na ulihitaji kaka. Niliona bora uwe na kaka anayechelewa kuliko kaka wa kuhurumiwa. Picha yako sikuiona, nilisimuliwa.

Habari ya unyayo sina uso wa kukwambia tena ufanye nini. Uso wako nilionao mimi ni wa siku niliyokuja kumwona Mama alipovunjika, umevaa kanga ya kijani, umekasirika na daktari. Sitapata mwingine. Nimeushika sana huo mpaka nikawa naogopa kuja, nisije nikasikia sauti yako imezeeka ukaniharibikia. Kwa hiyo nakuelewa kuliko unavyodhani. Lakini sakafu ni ya mama mgonjwa, na saruji ile haitamshika.

Kaka yako,
Abdulwahab

*

Kilwa Kivinje
9 Mei 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako, nikamsomea Mama, nikaisoma tena peke yangu. Mama akasema, "Aje. Vigae vinashikwa kwa mkono."

Nimeutoa. Nilidhani nitaubandua mzima, nikauanza kwa tindo taratibu pembeni, ukavunjika. Genoveva alitaka kunisaidia nikamwambia asubiri nje. Chini yake ubao ulikuwa umeoza, kama ulivyosema. Mama angetumbukia. Nimelia siku nzima, sikufichi, na kesho yake tukapachika ubao mpya, tukalaza plaiwudi kinyume, tukaziba, tukapaka dawa. Imekauka. Nimepitisha kiganja kila mahali.

Njoo na Wifi, akushike mkono, na ukiona haya ona haya njiani, hapa usifike nazo. Mimi nitasoma pima maji na kukwambia, wewe utabandika. Usinijibu kwa barua.

Warda

*

Kilwa Kivinje
22 Juni 2025

Kaka yangu Abdulwahab,

Shikamoo. Natumai mlifika salama na miguu ya Wifi imepona uvimbe wa safari. Genoveva anawasalimu, na Andrea mumewe anauliza kama ni kweli ulizibandika bila kuona, kwa maana amekuja uani akakaa akiniuliza mara tatu. Nimemwambia mimi ndiye niliyekuwa naona, na kuona nilikuwa naona vibaya, ulinirudisha kwenye kona ya dirisha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Zile siku ulizokuwa umepiga magoti humo, mimi nakukorogea gundi na wewe unanitukana kwa uji wangu mwepesi, ndizo nilizocheka tangu Januari. Nilikuwa sijakwambia.

Uliniomba nikuandikie itakavyokuwa Mama akiogea. Naandika.

Nilitolewa eda mkesha wa Idi Kubwa. Wanawake waliokuja walitaka kuniogeshea juu, wakilisifu bafu, nikakataa, nikaogea uani. Wa kwanza kumwaga maji pale alikuwa awe Mama. Baada ya Idi, walipoondoka wote, nilimwingiza. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikammwagia. Maji yalikwenda moja kwa moja kwenye tundu, hayakusimama popote. Kigoda hakikutikisika. Mama akavua ndara akapitisha unyayo kwenye marumaru, huku na huku, kwa muda mrefu, hata nikamwambia atapata baridi.

Akasema, "Ridhiwani aliniahidi bafu. Kalileta. Sasa mwite Salumu, nakwenda Sudi."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamwambia Mama, sakafu imekwisha, Salumu mwenyewe akiiona hatakuwa na neno, huna haja ya kwenda popote. Kazi yote hii ilikuwa usiende.

Akasema anajua. Akanishika mkono huu wenye malengelenge, akauangalia ndani na nje.

"Eda ya mwanangu umeikaa vizuri, mwanangu. Ya kwangu sitaki uianze nikiwa hai."

Nilimbembeleza siku zile zote mpaka Salumu akafika. Salumu naye, maskini, alipanda juu, akasimama katikati ya bafu akajiinua kwa vidole, akasema imekaa sawa, kama Mama anataka kubaki abaki, yeye hana neno, tena atafurahi. Mama akamwuliza kama gari liko mlangoni. Alikuwa ameshafungasha. Alikuwa amefungasha kabla ya Idi, Genoveva ndiye aliyemkunjia nguo, na wote wawili walinificha.

Walimshusha kwa kiti, Salumu na vijana wawili wa jirani. Miaka miwili alikuwa hajashuka ngazi zile. Nilimsikia anawaelekeza kila kidato, taratibu hapa, hapa kuna pengo, kama ni wao waliozaliwa jana na yeye ndiye anayewabeba. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na sikufichi.

Usiniambie nije Rasbura, kaka. Nitakuja, lakini bado. Nyumba hii sijawahi kuisikia ikiwa haina mtu anayeniita, nataka kwanza nijue inakuwaje.

Wakati wanampakia nilisimama juu, nyuma ya pazia, nikamwona anatafuta kwa macho pale barazani, kulia, kushoto, kisha mlangoni, mpaka gari likaondoka. Lilipokwisha kata kona ndipo nilipofahamu alikuwa ananitafuta mimi. Nilikuwa nimeshatolewa eda, kaka. Niliruhusiwa kushuka, kutoka nje, kumpandisha garini kwa mikono yangu. Sikukumbuka.

Mdogo wako,
Warda